Kompyuta ya Mezani Inayojizima Ghafla: Kufuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Malalamiko huja kwa sentensi moja tu: mashine inajizima yenyewe. Ndani ya sentensi hiyo mmejificha hitilafu nyingi zisizohusiana hata kidogo, kuanzia fyuzi iliyolegea ndani ya plagi hadi ubao mama (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta) ulioliwa na chumvi ya bahari, na mtu anayekimbilia dukani kununua kifaa kipya kabla hajaitazama namna mashine yake inavyozima huwa anabahatisha kwa fedha zake mwenyewe. Kompyuta iliyokatikiwa na umeme haizimi kama ile iliyojiokoa na joto, na hizo mbili hazizimi kama ile iliyopewa amri ya kuzima na programu. Ndiyo maana maelezo haya yamepangwa kwa dalili, wala si kwa vifaa.

Hapa Mombasa yako mambo matatu ambayo miongozo ya nchi za baridi huyagusia kwa mbali: umeme unaocheza, joto la msimu wa kaskazi, na hewa ya bahari inayobeba unyevu na chumvi hadi ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mambo hayo matatu ndiyo yanayobadilisha mpangilio wa uchunguzi, kwa sababu kinachotiliwa shaka mwisho kwingineko, huku kwetu hustahili kutazamwa mwanzo.

Kabla ya kushika bisibisi

Tenga daftari na uandike kwa siku tatu au nne kila mara mashine inapozima: saa ngapi, ilikuwa ikifanya kazi gani, ilizima kimya au ilijiwasha tena yenyewe, ilikubali kuwaka baada ya muda gani, na kama taa za nyumba zilipepesa wakati huo. Hilo la muda wa kukubali kuwaka tena watu wengi hawalitilii maanani, nalo ndilo lenye habari nyingi kuliko yote. Mashine inayowaka papo hapo, mashine inayogoma mpaka ipoe kwa robo saa, na mashine inayogoma mpaka uchomoe waya wa umeme na kuurudisha, hizo ni mashine tatu zenye maradhi matatu tofauti.

Hakikisha pia kwamba kweli imezima. Kioo kikiwa cheusi huku feni zikiendelea kuzunguka na taa ya kasha ikiwaka, tatizo liko kwenye kioo, kebo ya kioo, kadi ya picha, au mashine imelala tu kwa mpangilio wa kuokoa umeme. Hiyo ni habari nyingine.

Ikiwa unatumia Windows, mashine yenyewe huweka kumbukumbu. Andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia, fungua orodha ya System, kisha tazama yaliyoandikwa mara baada ya kuwashwa tena. Namba 41, yenye jina Kernel-Power, na namba 6008 zote humaanisha kwamba mashine haikuagwa vizuri, na hakuna zaidi ya hapo. Nimekutana na watu wengi waliosoma neno Power kwenye tukio la 41 wakaamua kwamba pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, imekufa, wakanunua nyingine, na mashine ikaendelea kuzima vile vile; tukio hilo huandikwa hata mtu akichomoa waya kwa mkono wake. Ukikuta namba 1074, basi kuna mtumiaji au programu iliyotoa amri ya kuzima, na hapo huna haja ya kufungua kasha hata kidogo: ruka hadi kwenye dalili ya mwisho huko chini.

Na jambo la usalama lisemwe mapema. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya wa umeme kabisa, usitegemee swichi ya ukutani peke yake, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye ubao utoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kijiti cha kumbukumbu (RAM) au kadi yoyote. Lakini boksi la pawa saplai lenyewe usilifungue kwa hali yoyote ile: ndani yake mna kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa.

Dalili: Huzima kimya, ghafla, wakati wowote, na huwaka tena mara tu ukibonyeza

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi, na chanzo chake mara nyingi kiko nje ya kompyuta.

Anza na waya wa umeme unaoingia nyuma ya kasha. Usukume ndani kwa nguvu ya kiasi. Ukiona unacheza au unaingia kwa ulegevu, ubadilishe kwa mwingine unaobana. Fungua plagi yake ya pini tatu na utazame fyuzi: imekaa sawa au inaelea, na skrubu zinazoshika nyaya zimekazwa au la. Plagi iliyobadilika rangi kuwa kahawia karibu na pini imekuwa ikipata moto, na plagi ya namna hiyo hutupwa, haisafishwi.

Kisha tazama ekstensheni. Mama mmoja mwenye duka la kuchapisha huko Kongowea aliniita kwa sababu kompyuta yake ilikuwa ikizima asubuhi na alasiri, karibu saa zile zile kila siku, na tayari alikwisha kuuziwa pawa saplai nyingine.

“Mama, hii ekstensheni imebeba nini kingine?”

“Ni hiyo fotokopi tu, mwanangu. Na birika la chai.”

Jibu lilikuwa pale pale. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, fotokopi inapopasha moto karatasi yake huvuta kama ampea 6, na ekstensheni nzima inalindwa na fyuzi ya ampea 13. Tulipoigeuza, plastiki ya upande wa chini ilikuwa imevimba na kupasuka, na shaba ya tundu moja imekuwa nyeusi kama masizi. Kila birika lilipowashwa, volteji ya kwenye tundu lile bovu ilianguka kwa kitambo kidogo, na kompyuta ikazima. Ifahamike kwamba pawa saplai ya kawaida inaweza kuishikilia mashine bila umeme kwa takriban sehemu 16 tu za elfu moja za sekunde. Taa huenda ikapepesa usiione. Kompyuta imekwisha kwenda.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lisilogharimu chochote ni kuichomeka kompyuta peke yake, moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, tena soketi ya chumba kingine ikiwezekana, na kuiacha ifanye kazi siku nzima. Ikitulia, rudi ukakague soketi na ekstensheni. Ikiwa taa za nyumba nzima hufifia kila pampu ya maji ya kisima au kompresa ya friji inapoanza kuvuta, au kila jirani mwenye karakana ya kuchomelea anapoanza kazi, tatizo ni la njia ya umeme, na hata ukinunua kompyuta mpya kabisa itazima vile vile. Hilo ni la fundi wa umeme mwenye leseni au la kampuni inayokuletea umeme. Hali kadhalika soketi inayotoa cheche, mlio wa kuchirizika au harufu ya plastiki iliyoungua: zima kwenye breka, usiiguse, mwite fundi wa umeme.

Baada ya soketi ni UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, ambayo wengi huinunua kwa ajili ya kuilinda kompyuta kisha yenyewe ndiyo inakuwa mwuaji. Betri yake ya risasi na asidi huishi miaka 3 hadi 5 mahali penye ubaridi, na joto huupunguza umri huo sana. UPS iliyosukumwa chini ya meza, nyuma ya kasha linalopuliza hewa ya moto, haifiki huko. Betri ikishakufa, umeme unapotikisika UPS hujaribu kuhamia kwenye betri isiyokuwa na kitu, na mashine huzima hata pale ambapo bila UPS ingestahimili. Kuijaribu, usitumie kompyuta. Chomeka taa ya mezani kwenye UPS, iwashe, kisha zima soketi ya ukutani: taa ikizimika papo hapo au ndani ya sekunde chache, betri imekwisha. Na usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya nyumbani. UPS ya VA 650 kwa kawaida haibebi zaidi ya wati 400, na printa ya leza inapopasha moto hupita hapo kwa mbali.

Ukishamaliza yote hayo na mashine bado inazima, ndipo pawa saplai iingie kwenye orodha ya watuhumiwa. Ishara zake ni kuzima pale kazi inapozidi, kama vile mchezo unapofunguka au video inapotengenezwa. Harufu ya kuungua nyuma ya kasha. Feni yake isiyozunguka au inayokwaruza. Na ile ishara ya kugoma mpaka waya uchomolewe kwa dakika chache, ambayo hutokea kwa sababu ulinzi wa ndani umejifunga na haujifungui mpaka umeme uondoke kabisa. Mwenye testa ya kupimia volti na mkono uliotulia anaweza kupima kwenye plagi ya pini nne inayotumika kwa vifaa vya zamani: kati ya waya wa manjano na mweusi pawe na volti 11.4 hadi 12.6, na kati ya mwekundu na mweusi volti 4.75 hadi 5.25, kipimo kikichukuliwa mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Ikiteremka chini ya hapo, pawa saplai imechoka. Asiye na testa aazime pawa saplai nzima ya kujaribia, na hilo kwa kweli ndilo jaribio la kuaminika zaidi, kwa kuwa pawa saplai dhaifu inaweza kuonyesha volti nzuri kwenye testa na bado ikashindwa kwa kitambo kidogo ambacho testa haikinasi.

Tahadhari mbili hapa. Kompyuta nyingi tunazonunua zimetumika kwanza maofisini ng'ambo, hasa za Dell na HP, na baadhi yake zina plagi za pawa saplai zisizo za kawaida, za pini 6 au 8 mahali pa zile 24. Usinunue pawa saplai nyingine kabla hujaing'oa ya zamani nzima nzima kutoka kwenye kasha na kwenda nayo dukani. Pili, ukiona swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai ya zamani, yenye maandishi 115 na 230, iache kwenye 230. Ikiwekwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wetu, itapasuka kwa kishindo.

Dalili: Huzima baada ya dakika kadhaa za kazi, na haikubali kuwaka mpaka ipoe

Hapa ni joto, na kwa Mombasa ningeiweka dalili hii bega kwa bega na ile ya kwanza. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, hewa ya chumbani yenyewe hufika nyuzi 32 na zaidi, na feni ya kompyuta haina uwezo wa kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia kwenye prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Mashine iliyopita mwezi wa Julai bila malalamiko inaweza kuanza kuzima mwezi wa Februari pasipo kitu chochote kuharibika ndani yake, isipokuwa vumbi lililokuwa likijikusanya kimya kimya.

Pima kwanza. Programu za bure kama vile Core Temp au HWMonitor huonyesha joto la prosesa papo hapo. Mashine ikiwa imekaa tu bila kazi, nyuzi 40 hadi 50 si jambo la kutisha kwa hali yetu ya hewa. Ikiwa kazini na ikabaki chini ya 85, ni salama. Ikikaribia 100, prosesa nyingi za Intel huanza kupunguza mwendo zenyewe, na joto likizidi hapo mashine hukata umeme ili isiungue. Kwa hiyo mashine inayozimwa na joto kwa kawaida hutanguliwa na uzito wa kazi na feni inayolia kama pangaboi bovu. Ikiwa mashine haikai muda wa kutosha kufungua programu, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows) mara tu inapowaka na utazame joto huko.

Usafi ndio dawa ya kwanza. Lisogeze kasha mbali na ukuta angalau kwa upana wa kiganja, liondoe kwenye kabati la meza lililofungwa, na kama limewekwa sakafuni karibu na mlango unaotazama barabara ya vumbi, lipandishe juu. Kisha lifungue. Vumbi la kwetu si vumbi kavu linalopeperuka. Unyevu na chumvi hulifanya kuwa ngozi ya kijivu inayong'ang'ania kwenye mapezi ya alumini chini ya feni ya prosesa, mara nyingine nene kiasi kwamba unaweza kuibandua kwa kidole kama utando wa maziwa. Feni hapo juu inazunguka vizuri kabisa, na mwenye mashine anaapa kwamba feni ni nzima, lakini hewa haipiti hata chembe. Tumia brashi laini na blowa, nje ya nyumba, mashine ikiwa imechomolewa, na uizuie feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza, kwa maana mzunguko wa kasi wa kulazimishwa huharibu beringi zake.

Ikiwa baada ya kusafisha joto bado linapanda haraka mno, mathalani kutoka 45 hadi 95 ndani ya dakika moja au mbili, chanzo kinachofuata ni krimu ya joto iliyokauka kati ya prosesa na kipozeo chake, au kipozeo chenyewe kimelegea kona moja. Krimu iliyokaa miaka mingi huwa ngumu kama chokaa. Ondoa kipozeo kwa kukizungusha kidogo kushoto na kulia kwanza, baada ya mashine kufanya kazi kwa dakika chache ili krimu ilainike. Ukikivuta kwa pupa kinaweza kuing'oa prosesa pamoja nacho na kupinda pini. Futa krimu ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowekwa alkoholi ya kusafishia, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama mtu anavyokaza nati za gurudumu. Kuzidisha krimu hakuongezi ubaridi wowote. Asiyewahi kuifanya kazi hii na ajaribu kwanza kwenye mashine mbovu, au ampe fundi. Ni kazi ya nusu saa kwa anayeijua.

Kadi ya picha nayo hupata joto, na uchunguzi wake ni ule ule. Kwa chumba chenye kiyoyozi onyo ni moja tu: usielekeze mdomo wa kiyoyozi kwenye kasha, wala usiilete mashine kutoka chumba cha baridi kali hadi kwenye hewa ya moto na kuiwasha papo hapo, kwa sababu maji hujikusanya juu ya chuma baridi kama yanavyojikusanya nje ya chupa ya soda.

Dalili: Huzima na kujiwasha tena yenyewe

Mashine inayojiwasha upya bila kukaa imezima mara nyingi imeanguka kiprogramu, na Windows imepangwa iwake tena kabla hujasoma ujumbe wa kosa. Ondoa mpangilio huo: andika sysdm.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, fungua ukurasa wa Advanced, kisha Startup and Recovery, na uondoe alama kwenye Automatically restart. Safari ijayo kioo chenye ujumbe wa kosa kitabaki, na unaweza kukipiga picha kwa simu.

Sababu ya kawaida kabisa ni vijiti vya kumbukumbu, na kwetu sababu iliyo nyuma ya sababu ni kutu. Vitoe, utazame meno yake ya rangi ya dhahabu. Yakiwa na madoa ya kijani au weusi, yasugue taratibu kwa kifutio safi cha penseli, ufute kwa alkoholi, uache yakauke, uyarudishe mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio. Nusu ya kesi za dalili hii zilizonipitia mikononi ziliishia hapo. Zilizobaki, jaribu kijiti kimoja kimoja, kisha acha MemTest86, programu ya kupima kumbukumbu, ipime usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja linatosha kukihukumu kijiti. Baada ya kumbukumbu tazama dreva (programu inayoiendesha) ya kadi ya picha iliyosasishwa karibuni, halafu diski. Diski inayogonga-gonga, ondoa data yako kwanza kabla ya jaribio lolote jingine, na kama data hiyo haina nakala kwingineko, izime mashine na umwachie mtaalamu wa kuokoa data.

Dalili: Huzima sekunde chache baada ya kuwashwa

Hesabu sekunde. Ikizima karibu na sekunde ya nne kila mara, kishuku kitufe cha kuwashia: kitufe kinachobonyezwa mfululizo kwa sekunde nne huamuru mashine kukata umeme, na kitufe kilichonasa kwa uchafu ni sawa na kidole kilichosahauliwa juu yake. Iwashe, kisha chomoa taratibu waya wa kitufe hicho kwenye ubao mama. Mashine ikiendelea kuishi, mkosaji umemkamata.

Ikizima haraka zaidi, sekunde moja au mbili, tazama kama waya wa feni ya prosesa umechomekwa, kama plagi ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa imeingia yote, na kama kipozeo kimekaa. Kwa mashine iliyofunguliwa karibuni na mtu, tafuta skrubu iliyoanguka chini ya ubao. Punguza mashine hadi ibaki na ubao mama, prosesa, kijiti kimoja na pawa saplai tu. Ikiwaka na kutulia, rudisha vifaa kimoja kimoja. Ikiendelea kuzima hata hapo, wewe umefika mwisho wako, zamu ni ya fundi mwenye vifaa vya kubadilishia.

Dalili: Huzima ikiguswa, ikisukumwa, au ukichomeka flashi

Hiyo ni shoti. Tochi na macho hufanya kazi kubwa kuliko testa. Chunguza matundu ya USB ya mbele, ambayo vidole vya watoto na flashi za kulazimisha huyapinda pini zikagusana. Ukikuta yamepinda, chomoa kebo yao kwenye ubao mama na uendelee na yale ya nyuma. Chunguza kapasita za ubao mama: ndogo, za mviringo, zenye kifuniko bapa. Kifuniko kikiwa kimetuna au kimetoa ute wa kahawia, kapasita hiyo imekufa. Ubao za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliugua sana ugonjwa huu, na ubao mpya zaidi pia huupata zikikaa kwenye joto.

Kisha wako wageni. Ofisi moja upande wa Likoni ilikuwa na kompyuta iliyozima kila mtu alipoisogeza meza. Nyuma ya kasha palikuwa na nafasi moja ya kadi iliyoachwa bila kifuniko, na kwa tundu hilo mjusi kafiri alikuwa ameingia kutafuta joto usiku, akafia juu ya ubao mama, mkia ukiwa kwenye pini za kadi. Alikuwa amekauka kama dagaa. Tulimwondoa kwa kibano, tukasafisha kwa alkoholi, tukaziba tundu kwa kipande cha bati, na mashine ikapona. Mende na chungu hufanya vivyo hivyo, na majimaji yao huacha alama zinazopitisha umeme hata baada ya wenyewe kuondolewa. Kwa hiyo usiache tundu lolote la kasha wazi, na usile mezani penye kompyuta. Makombo ya mahamri ndiyo mwaliko wenyewe.

Kutu ya kijani iliyotambaa kwenye njia za shaba za ubao mama, hasa kwa mashine zilizokaa kwenye nyumba zinazotazama bahari, inaweza kusafishwa ikiwa imeanza tu. Ikishakula njia zenyewe, matengenezo huwa ghali kuliko ubao mwingine uliotumika.

Dalili: Huzima kwa utaratibu, kama iliyoagizwa

Programu zinafungwa, ujumbe wa kuaga unaonekana, namba 1074 inaandikwa. Hapa ni masasisho, mpangilio wa kulala, au kazi iliyoratibiwa na mtu. Kisa kimoja kinachowasumbua wanunuzi wa mashine zilizotumika kinastahili kutajwa: nakala ya majaribio ya Windows Enterprise muda wake ukiisha huizima mashine kila baada ya saa moja, sawasawa kama saa ya ukutani. Hakuna kifaa cha kubadilisha. Ni kuweka Windows yenye leseni halali. Virusi vinavyozima mashine vipo, na wenye umri wanakumbuka Blaster wa 2003 na ile hesabu yake ya sekunde 60, lakini leo ni nadra. Changanua mara moja kwa programu ya kuzuia virusi, uendelee na mengine.

Unapompelekea fundi

Usiendelee peke yako ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi au cheche, ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa kasha, jambo linaloashiria kwamba waya wa ardhini haufanyi kazi, au ikiwa maji yameingia ndani. Usijaribu kuiwasha “mara moja tu kuona”, kwani kuiwasha huko ndiko kunakomalizia kilichokuwa kingali kizima.

Mpe fundi lile daftari la siku tatu, na umpe pia waya wa umeme wa mashine hiyo hiyo, plagi yake, na UPS yake kama ipo. Watu hubeba kasha peke yake, fundi huchomeka waya wake mzima kwenye soketi yake nzima, mashine inakesha inawaka bila kosa lolote, na kesho yake ikirudi nyumbani inazima kabla chai haijapoa.